Je, Wajua? Sauti Kavu Ina Wapenzi Wake

Baadhi ya watumiaji wa simu wasioona huiacha sauti tamu ya kusomea skrini iliyokuja na simu na kuchagua sauti iitwayo eSpeak, inayosikika kama roboti mwenye mafua. Sababu ni kasi. Sauti laini ukiikimbiza mno, silabi huanza kumezana. eSpeak hubaki wazi, tena haihitaji intaneti na haili nafasi kubwa kwenye simu. Kiswahili nacho inakisoma, na hilo si dogo: TalkBack, kisoma-skrini cha simu za Android, ikiachiwa sauti ya Kiingereza, "wake" hutoka "weik". Kabla ya kuamua, isikilize ikisoma ujumbe halisi wa kupokea pesa, wenye majina, tarakimu na salio. Hadithi tamu kila sauti inaiweza.