Mpiga kinanda, usinunue spika kwa maandishi ya katoni

Sisi wapiga kinanda wa pwani tukialikwa harusi za bara huwaza nauli na baridi. Spika tunaiwaza mwisho. Mimi yalinifika Embu. Nilikuwa nimenunua spika ya magurudumu, yenye taa za kumetameta, katoni imeandikwa wati 3,000. Dukani ilinguruma mpaka wapita njia wakasimama. Kwenye harusi, mkono wangu wa kushoto ulipogusa besi, ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Shangazi ya bibi harusi akanisogelea: "Mwanangu, hicho kinanda kina nini?" Kinanda kilikuwa kizima. Malipo yakapunguzwa, nami sikuwa na la kusema.

Kosa langu ni kwamba niliijaribu kwa wimbo wa simu. Wimbo uliorekodiwa umeshasawazishwa, haukurupuki. Kinanda hukurupuka, tena hushuka chini sana: kwenye kinanda cha vibonye 61, kibonye cha mwisho kushoto hutoa mitetemo kama 65 kwa sekunde, na cha vibonye 88 hufika 27.5. Mtu akizungumza hafiki huko. Kwa hivyo spika inayomfaa MC huenda isikufae wewe. Nenda dukani na kinanda chako, piga besi kwa nguvu utakayoitumia harusini, na muuzaji akikunja uso, nenda duka la pili.

Zile wati 3,000 ni za kufumba na kufumbua. Uliza RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo. Na usidhani wati mara mbili ni sauti mara mbili: unaongeza desibeli 3 tu, na sikio huiona tofauti hiyo ndogo.

Pwani tumezoea ua wenye kuta, besi inagonga na kurudi. Meru na Embu mara nyingi hema husimamishwa shambani au uwanjani, na besi ikitoka imekwenda. Hapo nataka spika ya inchi 12, au 10 ikiwa nasafiri kwa matatu. Bose S1 Pro ina uzito wa kilo 7 hivi, unaipakata kutoka Embu mpaka Meru kupitia Chuka bila kuchoka, lakini spika yake ya besi ni inchi 6. Kwa sebule au ukumbi mdogo ni nzuri. Kwa watu mia tatu nje, utaionea.

Tumia waya wa jeki. Bluetooth huchelewesha sauti: unabonyeza sasa, unasikia baadaye kidogo, na vidole vinapotea. Ikiwa una spika moja, chomeka kwenye tundu lililoandikwa L/Mono. Ukichomeka R peke yake, vinanda vingi vitakupa nusu ya sauti zako.

Betri nayo, saa zinazotajwa ni za sauti ya wastani. Ukifungulia mpaka mwisho zinapungua sana, basi jaribu nyumbani kwanza.

Hilo la betri nililizingatia vizuri mno safari ya Meru. Stima ilipopotea, spika yangu ilikuwa imejaa chaji, inawaka kijani. Kinanda ndicho kilichozimika, maana changu hakitumii betri. Tukasubiri jenereta ya jirani karibu saa nzima, kina mama wakiimba kwa makofi, na kusema kweli walinishinda.