Mabingwa wa Dunia ya Sisimizi: Wanaofugika na Wasiofugika

Mvua za kwanza zikianza kwetu Peramiho, kusini mwa Tanzania, taa ya barazani hupata mgeni: mdudu wa kahawia mwenye mabawa na tumbo refu, anajigonga kwenye balbu mpaka anaanguka sakafuni. Wengi humdhania nyigu. Ni dume la siafu, na ukoo wake unashika rekodi ambazo hakuna mfugaji wa sisimizi aliyezikaribia.

Anayeongoza ni malkia wa siafu wa misitu ya Kongo, Dorylus wilverthi. Ana urefu wa takriban milimita 52, na katika sisimizi wote walio hai hajulikani anayemzidi. Hutaga mayai milioni 3 hadi 4 kwa mwezi, na kundi lake laweza kufikia wafanyakazi milioni 20. Hana mabawa wala macho. Kundi likihama, naye hutembea katikati ya msafara. Huyo utamweka kwenye sanduku gani? Huku kwetu safu ya siafu ikionekana tu, kuku hutolewa bandani usiku huohuo na majivu humwagwa mlangoni.

Wanaofugika ni wapole zaidi. Mfaransa Charles Janet alionyesha viota vyake vya kufugia sisimizi kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, na tangu 1956 Mmarekani Milton Levine akauza mamilioni ya visanduku vya plastiki kwa ajili ya watoto. Leo mfugaji huanza na malkia mmoja aliyekwisha pandwa, ndani ya kijichupa chembamba cha kioo: maji nyuma, pamba katikati, giza pande zote. Malkia hali chochote. Misuli iliyokuwa ikiendesha mabawa yake huyeyuka mwilini, nayo ndiyo inayowalisha wanawe wa kwanza. Ukimchungulia mara kwa mara, anaweza kuyala mayai yake.

Akitunzwa vizuri, maisha yake ni marefu ajabu. Malkia wa sisimizi mweusi wa bustani wa Ulaya, Lasius niger, aliishi miaka 28 na miezi tisa mikononi mwa mfugaji. Ng'ombe wa kijijini haishi hivyo.

Kwa mbio, bingwa ni sisimizi wa fedha wa Sahara: milimita 855 kwa sekunde, juu ya mchanga unaounguza. Kwa uchungu, ni sisimizi risasi wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, aliye juu kabisa katika kipimo cha mtafiti Justin Schmidt. Sisimizi moto, Solenopsis invicta, ambaye jina lake linatisha, yuko ngazi ya chini ya kipimo hicho. Ubaya wake ni kuenea. Aliingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, akasambaa majimbo ya kusini. Tangu 2022 Umoja wa Ulaya umemweka kwenye orodha ya viumbe vamizi, hivyo kumfuga au kumuuza huko ni kosa. Nakubaliana na katazo hilo kwa moyo wote.

Rekodi inayoniuma ni ya jirani zetu. Aprili 2025, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru, Kenya, wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia wa Messor cephalotes, sisimizi mvunaji mkubwa mwekundu. Walikuwa kwenye vijichupa 2,244 vilivyotiwa pamba, tayari kusafirishwa. Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikawatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya, au kifungo cha miezi 12. Kila malkia anayechukuliwa ni kundi zima lisilozaliwa, na mbegu ambazo wafanyakazi wake wangezibeba na kuzitawanya nyikani zinabaki pale pale.

Ufugaji wenye faida kuliko wote, kwa hesabu yangu, hauhitaji kioo. Ni wa majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Zanzibar, mapema miaka ya 1950, Michael Way alionyesha jinsi wanavyoilinda minazi dhidi ya kunguni anayeangusha nazi changa. Baadaye watafiti wa Tanzania waliwajaribu kwenye mikorosho na miembe: kamba hufungwa kutoka mti hadi mti ili wavuke bila kushuka chini, na wakati wa uhaba huwekewa maji ya sukari na samaki waliosagwa. Mikorosho tunayo mkoani kwetu, Tunduru na Namtumbo, na kamba ya katani haina bei ya kutisha.