Vipepeo wa Kilifi na Muheza: msitu unalipa, soko ndilo linaloyumba

Katika vijiji vinavyopakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, wako wakulima ambao mazao yao hupanda ndege kwenda Ulaya na Marekani yakiwa yamelazwa kwenye pamba ndani ya vikasha. Wanauza pupa, yaani kipepeo angali ndani ya ganda lake. Wanunuzi ni wenye nyumba za maonyesho, ambako watu hulipa kiingilio watembee katikati ya vipepeo wa nchi za joto.

Biashara hii ilianza mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulipofunguliwa Gede chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakati huo wanavijiji na msitu hawakuwa marafiki. Wanasayansi walijivunia kilomita za mraba zipatazo 420 za msitu mkavu wa pwani, mkubwa kuliko yote ya aina hiyo iliyobaki Afrika Mashariki. Mkulima wa Kigiriama aliona ndovu na nyani wanaomaliza mahindi yake, na ardhi asiyoruhusiwa kuilima. Wengi walisema waziwazi kwamba afadhali ukatwe, watu wagawiwe mashamba. Pesa ya humo waliipata wachoma mkaa, wawindaji, na wakataji wa muhuhu, mti unaopendwa na wachonga vinyago.

Kazi yenyewe haihitaji mtaji mkubwa, ila inataka uangalifu wa kila siku. Mfugaji huingia msituni kwa kibali na kunasa vipepeo majike wachache. Aina nyingine hufuata matunda, na hao hutegwa kwa ndizi zilizoiva hadi zikachacha. Jike huwekwa kwenye kizimba cha neti pamoja na majani anayoyataka, kwa maana kila aina ina mti wake: kuna wanaotaga kwenye mlimau au mndimu, na kuna wasiokubali ila mmea fulani wa mwituni. Mayai yakianguliwa, viwavi hula mchana na usiku. Majani yakiisha hufa, sisimizi wakipenya huwamaliza, na kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kiwavi na kumla akiwa hai. Ndiyo maana mfugaji hodari hupanda miche ya chakula cha viwavi kando ya nyumba kabla hata hajashona neti.

Kiwavi akishajifunga, saa inaanza kuhesabu. Aina nyingi huchukua wiki moja hadi mbili kabla ya kuchomoza, na katika muda huo pupa lazima akaguliwe, alipiwe, afungwe, asafirishwe hadi uwanja wa ndege na kufika kwa mnunuzi. Akichomoza njiani, ni hasara.

Hesabu hii inaeleweka na mkulima yeyote. Mahindi hungoja mvua. Vizimba vinaweza kuleta pesa mara kadhaa kwa mwaka, na wanawake wengi wanaifanya kazi hii bila kuacha nyumba. Tena majike wapya hutoka msituni. Ukikatwa msitu, mbegu imekwisha. Hapo ndipo ninapouona ubora wa biashara hii kuliko semina nyingi za uhifadhi: anayeulinda msitu analinda ghala lake.

Lakini haimfikii kila mtu. Kaya zenye vizimba ni mamia, na aliyeliwa mazao na ndovu si lazima awe na kizimba. Kwa hiyo njia nyingine zimehitajika: asali, na mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya, ambao hutumia mapato ya wageni katika hori la Mida kusaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu.

Udhaifu mkubwa uko sokoni. Nyumba za maonyesho duniani si nyingi, na Kilifi inashindana na Costa Rica na nchi za Asia. Mwaka 2020, korona ilipofunga maonyesho na kusimamisha ndege, viwavi waliendelea kula huku wanunuzi wamefunga milango.

Upande wa Tanzania pigo lilitoka nyumbani. Wakulima wa wilaya ya Muheza, kandokando ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, walikuwa wamejenga biashara kama hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Sehemu ya mapato ilikwenda kwenye mifuko ya maendeleo ya vijiji. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Nia ilikuwa njema, kwani utoroshaji wa wanyama ulikuwa umeitia nchi aibu. Ila marufuku haikumtenga twiga na kiwavi aliyezaliwa kizimbani, na wafugaji wa Amani wakapoteza soko kwa uamuzi ambao hawakuwa na kosa nao.

Mizigo ya aina hii haiwezi kuwekwa stoo kungoja kikao. Wizara zinazosimamia wanyamapori, Dodoma na Nairobi, zinapaswa kuwa na leseni ya pekee kwa wadudu wanaozalishwa kijijini, yenye ukaguzi wa vizimba na kumbukumbu za kila shehena, ili siku mwindaji haramu anapofungiwa mlango, mfugaji huyu asifungiwe naye.