Kwa nini mafaili yenu hayaingii yote kwa mara moja



Wenyekiti wanapotuletea vitabu vya majina hapa Itebero, swali lao la kwanza ni hili: "Mmeshaweka kwenye sanduku?" Sanduku wanalosema ni lile jeusi chini ya meza, lenye diski ndani, ambalo kila jioni hupokea nakala ya kazi iliyofanyika kwenye kompyuta zetu tano. Tukijibu kwamba zamu yake haijafika, wengine hukunja uso. Tunapenda kueleza zamu hiyo ilitoka wapi.

Yaliyomo ndani ya sanduku mnayajua: orodha za familia zilizofika kwa barabara ya Walikale na ya Hombo, fomu za watoto waliopotezana na wazazi wao, na hati za mapatano ya mashamba. Na jinsi karatasi zinavyopotea mnajua kuliko sisi. Vita vilivyoanzia sokoni Ntoto mwezi wa Machi 1993 havikumpa mtu nafasi ya kukusanya hati. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Mwaka 2025 M23 waliingia Goma mwezi wa Januari na Walikale-centre mwezi wa Machi, na waliokimbia hawakubeba makabati.

Ijumaa ile

Mwanzoni tuliruhusu kompyuta zote tano zinakili pamoja, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Tuliona ndiyo njia ya haraka. Betri za paneli za jua zikaisha usiku, na asubuhi tukakuta nakala tano za nusu-nusu. Nakala ya nusu si nakala. Tukasema tutarudia wiki ijayo, na hilo lilikuwa kosa letu.

Kabla ya wiki kuisha, diski ya kompyuta moja ikaharibika. Ndimo zilimokuwa hati za mashamba za upande mmoja wa kijiji. Mzee mmoja akaja kutafuta mapatano yake na jirani yake, tukakosa cha kumwonyesha. Hati za upande wa pili zilikuwa salama, kwa kuwa kompyuta yake haikuharibika. Fikirini wenyewe maneno yaliyozunguka sokoni: ofisi imeuza mafaili, ofisi ina upande. Kueleza habari za betri hakukusaidia kitu. Kilichotuliza ni kwamba yule jirani, ambaye ndiye aliyegombana naye, alileta karatasi yake mwenyewe aliyoifunga ndani ya plastiki, akakubali tuinakili.

Bomba moja, bidoni tano

Kwa nini kazi tano kwa pamoja zilichelewa? Fikirini bomba la maji lenye mpira mmoja. Mama watano wana bidoni. Mkijaza moja hadi mwisho, ndipo nyingine, maji yanatiririka bila kukatika. Mkihamisha mpira kila baada ya kikombe kimoja, muda mwingi unaishia katika kuhamisha.

Diski ndivyo ilivyo. Inazunguka, kwa aina ya kawaida, mara 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unasogea kutafuta mahali pa kuandika. Kila mruko unachukua kama sehemu 12 za elfu moja za sekunde, yaani miruko isiyozidi 80 hivi kwa sekunde. Ikiandika mfululizo, inameza mafaili kwa wingi. Ikirukaruka kati ya kazi tano, inachoka bure. Tena katika programu tunayotumia, Bacula, ambayo ni ya bure, kazi zinazoandika pamoja ndani ya chombo kimoja huchanganya vipande vyao, na siku ya kurudisha faili inabidi kuyachambua.

Basi kwa nini tusiende moja moja? Tulijaribu. Tulianza na kazi moja, tukaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kisha mbili, kisha tatu. Kwa moja moja sanduku lilikaa bure mara nyingi, likisubiri kompyuta itafute mafaili yake madogo-madogo. Kwa mbili, moja ikitafuta nyingine inaandika, na muda ukapungua vizuri. Kwa tatu haukupungua tena. Tukabaki na mbili. Ofisi yenye vifaa vingine itapata namba nyingine, kwa hiyo msinakili namba yetu, nakilini jaribio.

Jambo moja lilitusumbua siku mbili nzima: kikomo hicho huandikwa mahali zaidi ya pamoja, yaani kwa msimamizi wa kazi, kwa kila kompyuta na kwa ghala lenyewe. Kilicho kidogo ndicho kinachotawala. Tuliandika mbili kwa msimamizi, na kwa ghala ilibaki moja, tukashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Nani atangulie

Hapa haikuwa tena kazi ya fundi. Programu inakubali kila kazi ipewe namba, na yenye namba ndogo hutangulia. Kamati za pande zote mbili zilikaa kuamua. Wengine walitaka orodha za mgao ziwe za kwanza, kwa sababu ya njaa. Sisi tulisema orodha inaweza kuandikwa upya kwa siku mbili watu wakijipanga tena, lakini mtoto wa miaka minne aliyetaja kijiji chao siku ya kwanza anaweza kukisahau mwezi wa tatu. Mama mmoja akaunga mkono, mjadala ukaisha. Fomu za watoto hutangulia. Zinafuata hati za mashamba, ambazo ziko katika kompyuta mbili, moja kwa kila upande, na kwa kuwa kikomo ni mbili, zinaingia pamoja. Orodha zinafuata, na picha za mikutano ni za mwisho kabisa.

Sasa kila asubuhi tunabandika mlangoni karatasi inayoonyesha kazi zilizokamilika na zilizokatika. Iliyokatika hupewa nafasi ya mbele jioni hiyohiyo. Wenyekiti, vitabu vikifika kabla ya saa nane mchana vinaingia siku ileile. Na mwenye hati ya shamba asituachie ya asili: tutaipiga picha mbele yake, aondoke nayo.