Nyani mugeni anaingiaje?

Umeona kijana anayeacha kijiji cha baba yake na kufika Lubumbashi kutafuta kazi: hapa hakuna anayejua jina lake. Nyani dume naye anapita njia hiyo. Majike wanabaki katika kundi walimozaliwa, na binti anafuata cheo cha mama yake. Dume akikomaa anatoka, anakwenda kwa wasiomujua.

Unafikiri mwenye meno makubwa ndiye atafaulu? Wengi tulifikiri hivyo. Mwaka 1972 Bibi Shirley Strum, Mumarekani, alianza kufuata nyani karibu na Gilgil, Kenya. Aliona wageni wakali wanashinda katika ugomvi, wenyeji wanawakimbia. Lakini waliopata nyama na majike zaidi ni madume waliokaa miaka mingi mule.

Sababu gani? Wale walikuwa na marafiki. Dume anakaa karibu na jike fulani, siku kwa siku, anamutoa kupe na uchafu manyoyani, mpaka mutoto wake anamuzoea. Siku ya ugomvi anakamata yule mutoto kifuani, na adui anapunguza ukali. Mugeni akijaribu vile, mutoto analia kwa sauti, na majike wanamurukia kwa pamoja.