Njia ya Kutno: Watoto wa Uganda Walivyofika Williamsport

Agosti 2012, katika mji mdogo wa Williamsport, Pennsylvania, watoto wa Lugazi, Uganda, waliingia uwanjani wakiwa timu ya kwanza kutoka barani Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto wenye umri wa karibu miaka 12. Wengi wetu tulio huku ughaibuni tulishangilia bila kujua walipitia mlango gani. Mlango wenyewe uko Poland.

Katika mji wa Kutno kuna kituo cha Little League kilichojengwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Wamarekani wenye asili ya Poland, akiwemo Stan Musial, nyota wa St. Louis Cardinals. Hapo ndipo timu za Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika zilikuwa zikichujana.

Kwa miaka mingi kanda hizo tatu zilihesabiwa kuwa moja, ikiitwa Ulaya, na ilikuwa na nafasi moja tu Williamsport. Walioichukua mara nyingi walikuwa watoto wa Wamarekani: wa wanajeshi walio kwenye kambi za Ujerumani, au wa wafanyakazi wa mafuta wa Dhahran, Saudi Arabia, makao makuu ya Aramco. Mtoto aliyezaliwa nyumba yenye glovu na gongo alikuwa akishindana na mtoto ambaye mchezo wenyewe ulikuwa mgeni kijijini kwao.

Mwaka 2001 timu za fainali ziliongezwa kutoka 8 hadi 16, na kanda ikagawanywa kwa kuangalia uraia wa wachezaji: timu za wageni upande mmoja, za wenyeji upande mwingine. Mwaka 2008 mgawanyo ukarudi kwenye ramani. Ulaya ikabaki peke yake, Mashariki ya Kati na Afrika zikapewa mchujo wao. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi uliobadilisha kila kitu. Ingawa Dhahran ilikuwa bado njiani, sasa timu ya Kiafrika iliweza kuiona nafasi hiyo kwa macho.

Mwaka 2011 timu ya Rev. John Foundation ya Kampala ilikwenda Kutno ikaishinda Dhahran. Kisha viza za Marekani zikakataliwa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisema kuna utata katika nyaraka za umri wa baadhi ya wachezaji. Dhahran ikaenda badala yao.

Hapa sitaki kupita haraka. Kanuni ya umri ina sababu yake. Mrushaji wa Little League husimama takriban mita 14 kutoka kwa mpigaji, na kijana aliyewazidi wenzake miaka miwili anaweza kuwaumiza. Lakini sisi tuliojaza fomu za uhamiaji tunajua ndugu wangapi wana tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, kwa sababu tu karani alihitaji kuandika kitu. Mtoto aliyezaliwa mbali na hospitali hakuchagua kukosa cheti, na kwa watoto wale karatasi zilifuta ushindi walioupata uwanjani.

Timu ya Langley, British Columbia, iliyokuwa ikutane na watoto wa Uganda katika mechi ya kwanza kule Williamsport, haikuliacha jambo hilo. Januari 2012 watoto hao wa Kanada walisafiri hadi Uganda kuicheza mechi iliyokosekana, na Uganda ikashinda 2–1.

Miezi michache baadaye Lugazi ikaishinda Kuwait katika fainali ya Kutno, na safari hii viza zikatoka. Kule Williamsport walifungwa na Panama, kisha katika mechi ya kufariji wakaishinda timu ya Gresham, Oregon, 3–2.

Mwaka 2013 ramani ikachorwa upya. Mashariki ya Kati ilihamishiwa upande wa Asia na Pasifiki, Afrika ikaunganishwa na Ulaya. Dhahran ikaondoka njiani, zikaja Italia, Uhispania na Jamhuri ya Cheki, nchi zenye ligi zilizokomaa. Hata hivyo Uganda ilipenya tena mwaka 2015, na kule Williamsport ikaishinda Jamhuri ya Dominika, nchi inayojaza ligi kuu ya Marekani kwa wachezaji wake. Ushindi huo ndio ninaouthamini kuliko yote, maana hakuna aliyeweza kusema kanda ilikuwa rahisi.

Ukiwa na mtoto au mpwa anayecheza huko nyumbani, usisubiri afuzu. Mwulize mzazi wake leo kama cheti cha kuzaliwa kipo na kama tarehe yake inalingana na ile ya shuleni. Kama hakuna, tuma nauli ya kwenda kukishughulikia kabla hujatuma glovu.