Mtalawanda wa Kidichi na tope la Ulaya

Anayeingia hamamu ya Kidichi, hapa Unguja, hutazama juu, kwenye kuba na nakshi za chokaa. Mimi hutazama sakafu. Sayyid Said bin Sultan aliijenga hamamu hii mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazadi, na sakafu ya hamamu, popote ilipo, ina sheria yake: inateleza na ina majimaji, na kiatu cha ngozi humo huharibika siku ya kwanza. Kiatu chake ni mtalawanda, ubao ulionyanyuliwa chini, na msuruaki wa kubanwa baina ya kidole gumba na cha pili. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni jirani na hapa mwaka 1844, alivitaja viatu hivyo vya mti katika kitabu chake cha 1886.

Sasa twende Vindolanda, kambi ya askari wa Kirumi kaskazini mwa Uingereza. Wachimbaji wametoa ardhini humo viatu zaidi ya 4,000: buti za askari zenye misumari chini, viatu vya wanawake, hata vya watoto wachanga. Na miongoni mwake vimo viatu vya mti vya kuogea! Sakafu ya hamamu ya Kirumi iliwekwa juu ya nguzo fupi, moto ukapitishwa chini yake, na aliyekanyaga peku aliungua.

Kwa nini vya kule vipo, na vya Unguja vimepotea? Tope lililoshiba maji halina hewa, na vijidudu vya kuozesha havipumui humo. Tena ngozi yenyewe lazima iwe imelowekwa kwenye maji ya magome ya miti. Isiyolowekwa hivyo huoza hata topeni. (Pwani yetu tunayajua magome hayo: ya mikoko yalisafirishwa kwa shehena kwenda kwa watengeneza ngozi wa ng'ambo.) Hapa Unguja, ubao ukiachwa chini, mchwa hawangoji msimu wa pili.

Kwa hiyo sikubali mtu aniambie Mzungu ana historia ndefu zaidi ya viatu kuliko sisi. Ana tope. Hilo hilo limetuhifadhia viatu vya London vya zama za kati, vilivyoshonwa ndani nje kisha vikageuzwa kama foronya, vyembamba kiasi kwamba mwenyewe akitoka barabarani alivikanyagishia soli ya mti. Mtalawanda mwingine huo, ila wa juu ya kiatu.

Msuruaki haujafa. Uko kwenye kandambili, na mpira wa kandambili si chakula cha mchwa. Mwaka 2019 jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa taka za plastiki na kuvikwa kandambili zilizookotwa ufukweni, lilitweka tanga Lamu likatia nanga Unguja.